Ukizima Redio, Redio Mbao Hukesha

Machi 3, 1992, Radio Rwanda ilisoma tangazo moja mara tano. Ilidai kuwa umenaswa waraka kutoka Nairobi wenye mpango wa Watutsi wa kuwaua viongozi wa Kihutu. Waraka huo ulikuwa wa kughushi. Siku zilizofuata, katika eneo la Bugesera, kusini mwa Kigali, nyumba za Watutsi zilichomwa moto na mamia ya watu wakauawa.

Wiki hiyohiyo, Bugesera hiyohiyo, redio ilifanya kazi nyingine kabisa. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyekuwa ameishi Nyamata miaka mingi, alinyanyua simu akazieleza redio za nje, RFI na BBC, aliyoyaona kwa macho yake. Alisema haikuwa hasira ya ghafla ya wanakijiji. Yalikuwa mauaji yaliyopangwa. Usiku wa kuamkia Machi 10 alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko Nyamata, kando ya kanisa.

Naanza na wiki hiyo kwa sababu katika nchi zetu tumerithi nusu yake tu. Nusu ya tangazo la uongo tunaijua kwa moyo. Nusu ya simu ya Antonia tumeifukia, na juu yake tumejenga imani ambayo leo ndiyo inayoongoza wizara, mamlaka za utangazaji na vyumba vingi vya habari, kutoka Bujumbura hadi Nairobi: kwamba redio iliua Rwanda, kwa hiyo redio inayosimulia vita, mateso na dhuluma ni kiberiti karibu na nyasi kavu. Uchaguzi ukichacha au bunduki zikilia, tunaambiwa, redio ipunguze sauti. Ipige nyimbo za amani. Habari za waliouawa na waliotekwa zisubiri mpaka mambo yatulie. Anayekataa ni mchochezi, na akitamka "haki za binadamu" huitwa mwanaharakati aliyejivika ngozi ya mwanahabari.

Sitaidharau hoja hii. Wanaoishikilia si watawala peke yao. Wapo walioizika miili ya familia zao, wakasikia kwa masikio yao majina ya majirani yakisomwa hewani ili wasakwe. Mtu wa namna hiyo akiniambia anaiogopa redio, sina haki ya kumcheka. Lakini nina haki ya kumwambia kwamba waliomfasiria msiba wake wamemfasiria vibaya, na kwamba tafsiri hiyo inawalinda watu walewale wanaostahili kuogopwa.

Tuitazame RTLM yenyewe, ile redio ya chuki ya Rwanda. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Rais Juvénal Habyarimana alikuwa miongoni mwa wenye hisa, pamoja na watu wa karibu naye, na tajiri Félicien Kabuga alikuwa kinara wa uongozi wake. Mwanzilishi wake mkuu, mwanahistoria Ferdinand Nahimana, ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya serikali wakati Radio Rwanda iliposoma ule waraka wa uongo wa Bugesera. Je, hicho ni kituo kilichoponyoka mikononi mwa dola kwa sababu uhuru ulizidi? Hiyo ilikuwa sauti ya wenye nguvu, iliyokuwa na fedha, ulinzi na masafa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilipomhukumu Nahimana mwaka 2003, na rufaa ilipompunguzia kifungo mwaka 2007 bila kumfutia hatia zote, haikumhukumu ripota aliyezidisha maswali. RTLM ilimtaja mtu kwa jina na mahali alipo ili auawe. Ripota humtaja mtu kwa jina na mahali alipo kwa sababu ameuawa na kuna anayepaswa kujibu. Anayeyaona mambo hayo mawili kuwa ni mamoja, kwa kuwa yote hupita katika kipaza sauti, hajatazama.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wa ukimya hawalitaji. Aprili 1994, maangamizi yalipoanza, wauaji waliwawinda wanahabari tangu mwanzo. André Kameya wa gazeti la Rwanda Rushya aliuawa. Vincent Rwabukwisi wa Kanguka aliuawa. Waliopanga maangamizi walielewa vizuri kuliko wengi wetu kwamba uandishi unaosimulia dhuluma hauchochei mauaji bali unayakwamisha, ndiyo maana walitaka kuumaliza mapema. Kwa hiyo uongo wa RTLM ulirushwa juu ya makaburi ya watu ambao wangeukanusha.

Na nguvu yenyewe ya RTLM imetiwa chumvi. Mtafiti wa Marekani Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji, na wengi hawakumweleza habari za redio. Walimweleza habari za kundi lililofika mlangoni, za viongozi wa mtaa, za hofu ya kuonekana wasaliti. Utafiti wa David Yanagizawa-Drott wa mwaka 2014, ambao ndio unaoipa redio hiyo lawama kubwa kwa takwimu, unakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya ushiriki ilitokana na matangazo yake. Asilimia 10 ya maangamizi yale ni damu nyingi mno, na sisemi haya kuwapunguzia watangazaji wake dhambi. Nasema kwamba sehemu tisa kati ya kumi zilipitia kwa meya, kwa askari, kwa kiongozi wa chama na kwa jirani. Tangu hapo tumetunga sheria kali za kuidhibiti ile sehemu moja, na zile tisa tumeziacha na mamlaka yake yote.

Kenya ilitupatia jaribio la wazi, kwa gharama ya kutisha. Desemba 30, 2007, jioni ya kutangazwa matokeo ya urais, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sababu ilikuwa ileile: usalama wa umma. Januari 1, siku mbili tu baadaye, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo. Mwishoni mwa Januari ikaja zamu ya Nakuru na Naivasha. Marufuku ilikuwa bado ipo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133, na sehemu kubwa walikufa marufuku hiyo ikiwa ipo. Basi ni nini kilichochochea, ikiwa redio ilikuwa imezuiwa kutangaza moja kwa moja? Zilichochea jumbe za simu, vikao vya usiku, vipeperushi, na redio mbao. Ukizima redio yenye mhariri, redio mbao hukesha. Haina leseni, haina jina, na haiombi radhi ikikosea.

Nitakubali lililo la kweli: Tume hiyohiyo ilizikosoa baadhi ya redio za lugha za jamii kwa kurusha maneno ya chuki. Lakini tazama yalivyopita: kwa simu za wasikilizaji zilizoachiwa bila mtu wa kuzikata, kwa nyimbo, kwa mafumbo ya watangazaji wa burudani na siasa waliojikuta wakiendesha vipindi vya taifa linalowaka. Kilichokosekana mle studio ni ripota aliyetoka kijijini saa hiyo na mhariri wa kumuuliza, "Umeona mwenyewe au umeambiwa?" Dawa ya kukosa uandishi haiwezi kuwa kupunguza uandishi. Uganda nayo ilitumia dawa hiyo Septemba 2009 wakati wa ghasia za Buganda: redio CBS ya Buganda ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ebimeeza, ile mijadala ya hadharani ambako raia wa Kampala walisimama mbele ya kipaza sauti na kubishana na wakubwa uso kwa uso, ikapigwa marufuku. Waliokuwa wakibishana kwa maneno walinyang'anywa mahali pa kubishana.

Mwaka 2013 Kenya ilienda hatua nyingine, na hii naiona mbaya zaidi kwa sababu wanahabari waliifanya kwa hiari yao. Walikuwa wameumia, wakaapa kutorudia, na wengi wakageuza uchaguzi ule kuwa kampeni ya amani. Maswali magumu yaliwekwa kando ili pasiwe na kelele. Juni 25, 2025, serikali ilipoagiza tena vyombo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, agizo lilikuwa limezoeleka kiasi cha kutoshangaza. Bahati nzuri Mahakama Kuu ililisimamisha.

Sasa niseme juu ya kitu kinachoniuma kuliko yote, nacho ni lugha yetu. Ukimya hauhitaji kufunga kituo. Unaweza kuutangaza kwa Kiswahili safi kabisa, saa moja kamili usiku, kwa sauti nzito yenye heshima. Sikiliza taarifa ya habari siku ambayo askari wamefyatua risasi: "Watu watatu wamepoteza maisha kufuatia purukushani." Wamepoteza! Kama mtu anavyopoteza ufunguo au kitambulisho. Kiswahili kina neno *kuua*, kina *kuuawa*, na kina kihusishi kidogo chenye ujasiri mkubwa, *na*: ameuawa na fulani. Watatu hawa wamepoteza maisha, na purukushani imekuja kama mvua, haina baba wala mama. Halafu inafuata sentensi ya kufunga: "Hali kwa sasa ni shwari." Shwari ni neno la mabaharia, la bahari iliyotulia. Shwari ya nani? Ya mama aliye nje ya mochwari?

Tanzania tuna letu, "watu wasiojulikana." Lilianza kama maelezo ya kipolisi ya kesi ambayo bado inachunguzwa. Kwa kurudiwa kila mara mtu anapotekwa au kupigwa risasi, likawa kama jina la kikundi. Novemba 2017 mwandishi Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti, alikokuwa akiandika habari za mauaji ya eneo lile, na hajarudi. Tulitangaza kwamba ametoweka. Moshi hutoweka. Binadamu huchukuliwa, na anayechukua ana mikono na gari. Redio inayojali haki huanza hapo, katika kuchagua kitenzi. Si lazima ijue nani alifanya ili iseme kwamba kuna aliyefanya.

Hapo ndipo ninapokutana na pingamizi la pili, linalopendwa na watu wa taaluma yangu mwenyewe: kwamba kusimama na wanaoonewa ni kupoteza usawa. Mwanahabari, wanasema, awe katikati. Katikati ya nini? Katika mgogoro wa kodi au wa mipaka ya kata, katikati pako, nami nitapatafuta. Kati ya aliyebakwa na aliyebaka hakuna katikati. Kuna ushahidi, na kuna kazi ya kuukusanya kwa haki hata kwa yule anayetuhumiwa: kumpigia simu, kumpa nafasi ya kujibu, kutompa kosa lisilo lake. Usawa ni namna ya kufanya kazi hiyo. Hautuamuru tufikie mahali ambapo kila upande unagawiwa nusu ya ukweli.

Nenda Kivu, mashariki mwa Kongo, uone. Mwaka 1994, baada ya maangamizi, Wanahabari Wasio na Mipaka wa Uswisi walianzisha redio Bukavu kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji waliokuwa wakizama katika uvumi. Waliiita Agatashya, yaani mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Walikuwa wameona vizuri: kwamba jibu la redio ya chuki ni redio ya habari. Kutoka hapo ikazaliwa Fondation Hirondelle, mbayuwayu kwa Kifaransa, ambayo pamoja na Umoja wa Mataifa ilianzisha Radio Okapi Februari 25, 2002, Kongo ikiwa imekatwa vipande na majeshi. Siku hizo mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa waliishi kama katika nchi mbili. Okapi iliwasomea habari zilezile, kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Kwa maoni yangu hakuna kongamano la amani lililofanya zaidi ya hilo kuwakumbusha Wakongo kuwa bado wana nchi moja.

Huambiwa kwamba Okapi ni redio ya wageni kwa sababu fedha zimetoka nje. Hoja ya fedha ni ya kweli na inanisumbua. Mfadhili akiamka vibaya, kituo hulala. Machi 2025 tuliona Sauti ya Amerika ikinyamazishwa kwa amri ya rais wa nchi yake, na wasikilizaji wa idhaa yake ya Kiswahili hakuna aliyewauliza. Ningependa redio za namna hii zilipwe na wasikilizaji wake, na vyama vyetu vya wafanyakazi, misikiti na makanisa vione aibu kwamba havijawahi kujaribu kwa dhati. Lakini aliyetoa fedha ni mmoja, na aliyetoa damu ni mwingine. Serge Maheshe, mwandishi wa Okapi, alipigwa risasi Bukavu Juni 13, 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa mjini humohumo Novemba 21, 2008. Edmond Bahati wa Radio Maria aliuawa Goma Septemba 2024. Hao hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa Kivu waliotangaza habari za Kivu.

Januari 2025, waasi wa M23 wakielekea Goma wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waziri wa sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alitangaza kwamba atakayeeneza habari za shughuli za jeshi hilo na waasi hao atakabiliwa na adhabu ya kifo. Fikiria hali ya ripota wa Goma wiki ile. Serikali inamtishia kitanzi akisema adui amefika wapi, na adui akifika atamtishia bunduki akisema amefanya nini. Mama mwenye watoto wanne anayeishi pembeni ya barabara ya Sake anahitaji kujua kitu kimoja tu: mapigano yako wapi sasa hivi, akimbilie upande gani. Amri ile haikumpunguzia M23 hata risasi moja. Ilimnyima yule mama jibu. Nawauliza kwa dhati wanaosema ukimya ni uzalendo: uzalendo huo ni kwa nani, ikiwa si kwa raia aliye njiani na godoro kichwani?

Burundi nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyothubutu zaidi na ndiyo iliyoadhibiwa zaidi. Radio Publique Africaine ilianza mwaka 2001, vita bado vinaendelea, na mwanzilishi wake, Alexis Sinduhije, aliwaajiri hata waliokuwa wapiganaji, Wahutu kwa Watutsi, wakae meza moja wahariri habari za vita walivyopigana. Baadaye Sinduhije aliingia siasa, akaunda chama, na jambo hilo liliigharimu redio: wapinzani wake walipata kisa cha kuiita redio ya upinzani. Ningetamani asingefanya hivyo. Lakini habari hupimwa kwa habari.

Septemba 2014 masista watatu wa Kiitaliano waliuawa Kamenge, Bujumbura. Upesi polisi wakamwonyesha mshukiwa, na ikaonekana faili litafungwa. RPA haikuridhika. Januari 2015 ilirusha uchunguzi wake, pamoja na sauti ya mtu aliyedai kushiriki, na tuhuma zikawafikia wakubwa wa usalama. Serikali ingeweza kufungua uchunguzi mpya, au kuujibu ushahidi kwa ushahidi. Ilichofanya ni kumkamata mkurugenzi Bob Rugurika Januari 20 na kumshtaki kwa kushiriki mauaji. Alipoachiwa kwa dhamana Februari 19, maelfu ya watu walifurika barabarani kumpokea. Watu hao ndio wanaodaiwa kuwa nyasi kavu. Walikuwa wamesikia hewani tuhuma nzito kuliko zote kuhusu dola yao, na walichofanya ni kutoka nyumbani na kumlaki mtangazaji.

Mwezi Mei, jenerali mmoja alipojaribu kuipindua serikali, ndani ya saa chache RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na mitambo kuharibiwa. Rema FM, iliyoiunga mkono serikali, nayo ilichomwa na watu wa upande wa pili, na nalitaja hilo kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa na imani ileile ya kwamba sauti usiyoipenda huzimwa kwa moto. Kwa hiyo nchi ikapata ule ukimya unaosifiwa. Hakukuwa na kiberiti tena. Waliokimbia walipita mia tatu elfu, na wengi wao walivuka kuingia Kigoma, wakajaza Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Desemba 11 mwaka huo kambi za jeshi zilishambuliwa Bujumbura. Asubuhi ya Desemba 12 wakazi wa Nyakabiga na Musaga walifungua milango wakakuta maiti za vijana mitaani. Wakazipiga picha kwa simu, wakatumiana, kila mtu akijaribu kutambua ndugu yake katika kioo kidogo. Msemaji wa jeshi alitoa idadi: 87. Kati ya zile redio nne, hakuna hata moja iliyokuwa hewani kuuliza majina yao.